Ubeti wa Tatu

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujafika ukurasa huu, pole sana, lakini hatuna muda wa kurudi mbali. Mbithe tulimwacha nyuma ya pazia, jicho moja kwenye tundu.

Ni Jumamosi alasiri, ukumbi wa jamii kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na Makadara. Watu wamejaa mpaka madirishani. Jukwaani Benta anaimba wimbo ambao haujawahi kuimbwa mbele ya watu. Na kule safu ya nyuma, chini ya saa mbovu ya ukutani, amekaa bwana mwenye koti la kijivu. Midomo yake inaimba pamoja na Benta, neno kwa neno.

Neno kwa neno, msomaji!

Utaniambia, kuna ajabu gani mtu kuimba ukumbini? Watu wa Eastlands hawawezi kukaa kimya wimbo ukianza. Ni kweli, kama mchezo ni Harusi ya Shauri Moyo. Mzee Zedekiah Omolo, mkuu wa kikundi, huurudisha mchezo ule kila Pasaka na kila Desemba, tangu alipokuwa karani kijana wa reli mwenye nywele kichwani. Ukumbi mzima unaujua. Mzee mwenyewe ndiye aliyewazoeza. Huacha pengo katikati ya wimbo, mwigizaji anafunga mdomo, na watu wanalijaza kwa sauti kubwa. Hawaji kuisikiliza Harusi, wanakuja kuikumbuka, na ndiyo maana viti hujaa.

Ni mahali pamoja tu ambapo wote hunyamaza. Bibi harusi akiulizwa kama anakubali, ukumbi hushika pumzi mpaka ajibu. Hapo hata mtoto wa mgongoni hupewa ziwa asilie. Bibi harusi huyo kila mwaka huwa ni Mbithe.

Lakini leo haikuwa Harusi. Leo ilikuwa Funguo za Mheshimiwa, mchezo mpya wa nyimbo kuhusu mkubwa mmoja aliyejigawia nyumba za mtaa mzima. Aliyeutunga ni Mbithe mwenyewe, mpiga chapa wa ofisini, mkaaji wa Buruburu. Nyimbo zake hazikuandikwa popote. Zilifundishwa mdomo kwa mdomo, milango imefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, kwa sababu kila mtu kikundini alikumbuka yaliyompata Maingi.

Maingi ni kaka yake Mbithe, mpiga gitaa, na huu wimbo anaouimba Benta, wimbo wa hodi, ni wake. Baada ya zile fujo za Agosti mwaka jana, za jaribio la kupindua serikali, mabwana wawili walifika Buruburu wakati wa chakula cha mchana. Walimwomba kwa adabu awasindikize hadi kwenye gari. Alikuwa katikati ya kutunga ubeti wa tatu. Aliliacha gitaa kwenye kochi, akamwambia Mbithe asiliguse, atarudi sasa hivi. Hajarudi mpaka leo. Mama yao bado humwekea sahani mezani kila mchana.

Basi huyu mwenye koti aliusikia wapi wimbo?

Benta alifika mwisho wa ubeti wa pili, akarudia mistari ya mwanzo.

"Nilipiga hodi kwangu, akaitika mgeni,
Kavaa shati la kwangu, kajiita ni jirani!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mulama akaingia na ngoma, wachezaji wakatoka kwa kishindo. Hapo ndipo wimbo ulipokatwa. Mbithe aliukata mwenyewe, kwa sababu ubeti wa tatu ulikuwa nusu, na kwa sababu kila akijaribu kuuimba hulia. Hakumfundisha mtu yeyote. Duniani walioujua ni wawili, yeye na Maingi.

Akatazama tena kwenye tundu. Ngoma zinalia, watu wanacheka, na mwenye koti bado anaimba. Midomo inaendelea taratibu, bila haraka, kupita pale ambapo jukwaa limeishia.

Mbithe aliondoa jicho kwenye tundu. Aliogopa.

Mapumziko yakafika. Katika kikundi cha Mzee Zedekiah hakuna nyota wa kukaa na kupepewa. Waigizaji wenyewe hutoka na kreti za soda wakawauzia watu, poda bado iko usoni. Mbithe akanyakua kreti.

"We, unaenda wapi?" Benta alimdaka mkono. "Leo si zamu yako."

"Kuna mtu kule nyuma anajua wimbo wa Maingi."

Benta alianza kucheka, kisha akauona uso wa mwenzake akaacha. "Manze, usinitishe. Labda alipita nje tukifanya mazoezi."

"Anajua ubeti ambao hata wewe sijakufundisha."

"Basi huyo ni karao, askari kanzu," Benta akasema kwa sauti ya chini. "Usimwendee, Mbithe. Nakuambia usimwendee."

"Na kama amemwona Maingi?"

Benta akamwachia mkono.

Mbithe alipokuwa akipita kando ya jukwaa alisikia kikohozi kutoka stoo iliyo chini ya jukwaa, ile yenye mlango mdogo ambamo mavazi ya Harusi huhifadhiwa. Ufunguo wa stoo ni wa Mzee Zedekiah peke yake. Kikohozi hicho kilikuwa kimemwanza wiki chache zilizopita, na kila mtu alikuwa amekwisha kumwambia aende hospitali. Hakubali. Husema ni vumbi la nguo za zamani, kisha hushuka tena na chupa yake ya chai, maana siku hizi anapenda kunywa chai peke yake.

Mbithe alipita katikati ya watu akiuza huku na huku, macho yake kule nyuma. Akafika.

"Soda, bwana?"

"Ya machungwa." Kiswahili safi, sauti ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kuipaza. "Keti kidogo, dada. Umechoka."

"Nauza, siwezi kuketi."

"Wimbo wenu wa hodi ni mzuri. Nimekuwa nikiuimba tangu mwaka jana."

Chupa ziligongana kwenye kreti. "Huwezi. Ni wimbo mpya. Leo ndiyo mara ya kwanza kuimbwa."

"Hapa, ndiyo." Alifuta mdomo wa chupa kwa kitambaa cheupe, polepole, pande zote. "Lakini mmeukata. Ubeti wa tatu uko wapi?"

"Hakuna ubeti wa tatu."

"Upo. Kuna kijana alikuwa akiuimba. Alikuwa na kifua kibaya, anakohoa katikati, lakini anaimba tu, hata akikatazwa. Ajabu ni kwamba hakuumaliza hata siku moja. Kila akifika kwenye mvua ananyamaza."

Kwenye mvua! Ndipo Maingi alipokuwa amefika siku ile ya gari, mstari wa mvua, gitaa likiwa mapajani.

"Alikuwa?" akauliza. "Mbona unasema alikuwa?"

"Ni kusema tu."

"Yuko hai?"

Mwenye koti alitabasamu. Alikuwa na meno mazuri, meupe na madogo. "Sehemu ya pili, uimbe ubeti huo. Wewe mwenyewe, si yule mwenzako. Uimbe wote. Ukimaliza nitakuambia nilimwona wapi mara ya mwisho."

"Nikikataa?"

"Soda yenu haina baridi," akasema, akairudisha chupa kwenye kreti bila kuinywa.

Mbithe hakumbuki alivyorudi nyuma ya pazia. Anakumbuka tu kwamba kreti ilimponyoka, chupa zikavunjika, na Mzee Zedekiah akatokea kwenye mlango wa stoo akifunga kwa ufunguo, chupa ya chai kwapani.

"Nini, nyathina?" akauliza. Humwita hivyo kila mara, mtoto wangu, kwa Kijaluo cha kwao.

Mbithe akamweleza. Alipofika kwenye koti la kijivu Mzee akaketi juu ya sanduku.

"Ana meno madogo? Anajifuta-futa na kitambaa?"

"Unamjua?"

"Huyo si mtu wa kuuziwa soda," Mzee akasema. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kisha akasimama ghafula akaanza kupiga makofi. "Haya! Vueni hizo nguo! Kila mtu avue! Sehemu ya pili tunacheza Harusi."

Waigizaji walitazamana. Benta alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Buda, umerogwa? Watu wameona nusu ya Funguo! Wako hapo nje wanabishana Mheshimiwa atafanywa nini! Utawakatiza katikati uwaletee harusi waliyoiona kabla mimi sijazaliwa?"

"Ndiyo wanayoipenda."

"Wanaipenda kwa sababu hujawapa nyingine! Miaka yote hii tunarudisha, tunarudisha. Bibi harusi ni yule yule, shela ni ile ile, mpaka panya wanaujua mchezo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona watu wamekaa ukingoni mwa viti."

"Na leo ndiyo mara ya kwanza amekuja yule!" Mzee alimnyoshea kidole usoni. "Mpya zenu zinaleta nini? Zinaleta watu wa kuuliza maswali. Harusi imechezwa wakati wa mkoloni, imechezwa baada ya mkoloni, hakuna hata mpiga kayamba aliyeshikwa kwa sababu ya Harusi. Inatulisha na inatufunika. Mimi niliwakubalia, kila mpya moja, ya zamani mbili. Nilikubali kwa shingo upande. Sasa mmeonja mpya, imetosha."

Kikasikika kikohozi. Mzee akajifunika mdomo upesi, akakohoa tena, safari hii kwa nguvu mpaka akainama.

Mbithe hakuwa akisikiliza ubishi. Alikuwa akitazama kamba nyuma ya mlango. Nguo za Harusi zilikuwa zimetundikwa pale, zimepigwa pasi, shela juu kabisa.

"Mzee," akasema. "Nguo hizi zilitolewa lini?"

"Nini?"

"Leo hatukupanga kucheza Harusi. Nani alikuambia zitahitajika?"

Mzee Zedekiah, msomaji, ana majibu ya kila kitu, anaweza kubishana na posta ikamrudishia stempu. Leo aliinyoosha shela iliyokwisha kunyooka.

"Mimi ni mtu wa kujihadhari," akasema mwishowe.

Hofu ya Mbithe ikahama mahali. Dakika iliyopita alimwogopa mgeni wa safu ya nyuma. Sasa alimtazama mzee aliyemfundisha kusimama jukwaani, aliyekula kwao Krismasi, aliyekuwa wa kwanza kufika siku Maingi alipochukuliwa. Wa kwanza kabisa, kabla hata ya majirani. Nani alimwita?

Wazo hilo lilikuwa baya mno. Akalisukuma, likarudi.

"Naenda kuimba ubeti wa tatu," akasema.

"Mbithe, nakuomba."

"Ameniahidi kuniambia."

"Watu kama yule hawaahidi! Nakuomba kwa jina la mama yako."

"Mama yangu huweka sahani mezani kila mchana, Mzee. Wewe umeiona. Umekaa kando ya hiyo sahani ukala wali wetu."

Mzee akageuza uso ukutani. Mbithe akapita.

Na alipokuwa akipita akapata shauri. Ubeti ulikuwa nusu. Akifika kwenye mvua hana la kuimba, hata mwenye koti akitaka wote. Basi ataacha pengo, kama Mzee alivyowafundisha. Atafunga mdomo, amkazie macho yule bwana, asubiri. Akilijaza, basi Maingi aliumaliza wimbo mbele yake, na mtu anayemaliza wimbo ana uhai ndani yake. Hakuna mtu ambaye amewahi kuvumilia pengo katika ukumbi huu, awe mlevi au mchungaji. Shauri lilionekana zuri. Tutaona.

Pazia likafunguka.

Mbithe akatoka peke yake, bila kilemba, bila viatu. Mulama kwenye ngoma alishangaa kumwona, lakini ni mtu wa kazi, akashusha mlio. Watu wakatulia.

"Nilipiga hodi kwangu, akaitika mgeni..."

Sauti ilitetemeka kidogo kisha ikasimama imara. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Mwenye koti alikuwa ameegemea mbele, mikono kwenye magoti, haimbi. Anasikiliza.

Mbithe akavuta pumzi.

"Nitalala mlangoni, hata mvua inyeshe..."

Akafunga mdomo.

Kimya. Mulama akaacha ngoma. Watu waligeuziana macho, maana walijua pengo ni lao lakini hawakuwa na cha kulijaza. Wimbo mpya huo, nani anaujua? Kule mbele mama mmoja alipanua mdomo kwa mazoea, akaufunga kwa aibu.

Mbithe alimkazia macho mwenye koti. Imba, alimwambia moyoni. Imba nijue.

Mwenye koti hakuimba. Wala hakuwa anamtazama Mbithe. Alikuwa ametazama pembeni mwa jukwaa, amekaza shingo, anangojea kitu.

Pengo likarefuka. Likarefuka mpaka likauma. Na hapo, kutoka pembeni, nyuma ya bega la Mbithe, ikatoka sauti nzito ya kizee.

"Atakayenifungia, na yeye atafungiwa!"

Mbithe aligeuka.

Alikuwa Mzee Zedekiah. Alisimama kando ya pazia, mkono umeziba mdomo, macho yamemtoka. Maisha yake yote amefundisha watu kutoacha pengo likae tupu, na pengo lilipokaa tupu mbele yake mdomo wake haukumwomba ruhusa.

Lakini sikiliza vizuri, msomaji, kama Mbithe alivyosikiliza. Mstari ule Mbithe hakuujua. Mwenye koti alisema kijana hakuufikia hata siku moja, kila mara alinyamaza kwenye mvua. Basi Maingi aliumaliza baadaye. Baada ya gari, baada ya kule kizuizini alipokuwa akiimba akikatazwa. Na aliyemsikia akiumaliza ni mmoja tu, mzee huyu anayenywa chai peke yake.

Watu walishangilia. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine walishaanza kuurudia ule mstari, na yefungiwa, na yefungiwa, wanaukosea lakini wanaupenda.

Mbithe alimkimbilia Mzee pembeni. "Ulimwona wapi Maingi?"

"Imba Harusi."

"Ni wewe uliyemuuza?"

"Mungu wangu! Imba Harusi, nyathina, kabla hajafika hapa!"

"Yuko wapi kaka yangu?"

Mzee alimshika mabega akamgeuza kuelekea watu. Mbithe akaona. Mwenye koti alikuwa amesimama. Alikuwa akija kwa njia ya katikati, hana haraka, anaomba radhi kwa kila goti analoligusa. Macho yake yalikutana na ya Mbithe, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru kwa kazi nzuri.

Ndipo alipoelewa. Yule hakutaka kusikia ubeti. Ubeti alikuwa nao. Alitaka kujua ni nani mwingine aliye nao, na Mbithe alikuwa ametoka mbele ya ukumbi mzima, bila viatu, kumwonyesha.

Alitaka kulia, hakukuwa na nafasi. Kitu kimoja tu kilimjia kichwani, kile ambacho kinywa chake kilikuwa kimekifanya Pasaka baada ya Pasaka. Akainua mikono juu.

"Shauri Moyo kuna ngoma, jamani njooni nyote!"

Ukumbi ulilipuka. Hawakujali kwamba Mheshimiwa bado hajashtakiwa wala kwamba nyumba hazijarudishwa. Harusi ni Harusi! Akina mama wakapiga vigelegele, Mulama akaibadilisha ngoma bila kuambiwa, wazee wa reli wakasimama wakishika viuno. Ubishi wote wa Benta na Mzee ukamalizwa hapo hapo, mchezo mpya ukaingia ndani ya wa zamani ukafunikwa.

Kisha ikaja desturi. Kwenye wimbo huu watu hupanda jukwaani kumtuza bibi harusi. Wakaja! Wenye leso walikuja na leso, mwenye sufuria na sufuria, dada mmoja alivua kitambaa chake cha kichwa akamfunga Mbithe shingoni. Walijaa mbele ya jukwaa wakacheza, na njia ya katikati ikazibwa. Benta akarusha shela kutoka nyuma, ikamwangukia Mbithe kichwani. "Wafunike, manze!" akapiga kelele. "Endelea!"

Mbithe aliimba. Aliimba kwa hofu, kwa nguvu zote za kifua chake, akitafuta koti la kijivu katikati ya vichwa. Halipo. Akamwona Mzee Zedekiah. Umati ulikuwa umemkumba kutoka pembeni ukamteremsha chini, yuko katikati ya watu, anasukumana arudi jukwaani na hawamwachii, maana wanadhani anacheza.

Koti liko wapi?

Liko hapa. Liko kando ya Mbithe. Umati uliomzuia ndio uliompandisha. Mwenye koti alikuwa amesimama jukwaani katika foleni ya watuzaji, kitambaa chake cheupe mkononi, akisubiri zamu yake kwa adabu kama watu wengine.

Alimwekea Mbithe kile kitambaa begani. Kilikuwa na harufu ya sabuni.

"Asante, dada," akamnong'oneza. "Mzee wako ana sauti nzuri. Sasa amemficha wapi?"

Amemficha! Neno lilimpiga Mbithe kifuani. Kwa hiyo Maingi hakuuzwa, amewatoroka. Kwa hiyo yuko hai, na yuko mahali, na mtu huyu hajui ni wapi. Furaha na hofu vilimjia pamoja hata hakuweza kuvitenganisha. Akazidi kuimba. Bora kelele ziendelee, mradi hakuna anayesikia chochote.

Na hapo, jamani, wimbo ukafika pale.

"Bibi harusi twakuuliza, wakubali ama wakataa?"

Mbithe alikuwa amesahau. Katika hofu yake alikuwa amesahau kwamba wimbo huu una mahali pake pa kunyamaza.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Ngoma ikakatika. Vigelegele vikakatika. Wazee wakasimama na mguu mmoja hewani, akina mama wakawaziba watoto midomo, wale wa madirishani wakashika nondo wakatulia. Hakuna mtu aliyewaamuru, ndivyo walivyofundishwa. Wote walimtazama Mbithe wakingoja neno moja, nimekubali, na mpaka alitamke hakuna ambaye angepumua.

Kule chini Mzee Zedekiah alikuwa akitikisa kichwa, akimpungia mikono yote miwili. Sema! Sema upesi! Uso wake ulikuwa umelowa machozi.

Mbithe akafungua kinywa. Sauti haikuja. Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu.

Katika kimya kile, chini ya mbao za jukwaa, chini kabisa ya miguu yake, mtu akakohoa.

Mbithe alikijua kikohozi kile. Amekisikia wiki nzima na wiki nyingine kabla yake, amekionea huruma, amekinunulia dawa ya kifua akampa Mzee mkononi. Akamtazama Mzee Zedekiah. Mzee alikuwa amesimama katikati ya watu, mbali na jukwaa, na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Mwenye koti hakushtuka. Alirudi nyuma hatua moja, akatazama mbao alizokuwa amesimama juu yake, akapinda magoti akainama mpaka uso wake ukakaribia sakafu.

"Kohoa tena, Maingi," akasema kwa upole. "Dada yako hajakusikia."